Unasafiri na tanga? Jinsi ya kuchagua sehemu ya kupiga windisefu kama bado uko kiwango cha kati

Kila ikikaribia Juni, na tena Disemba, simu yangu inajaa meseji zilezile. "Kaka nakuja Unguja siku saba, upepo upo?" "Bro, Diani au Paje?" "Nimeona video watu wanaruka, na mimi hapo nitaweza?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, sasa nayaweka yote hapa mara moja, na ukiniuliza tena nitakutumia hii hii.

Windisefu ni ule ubao wenye tanga unaouendesha kwa upepo. Tuelewane kwanza ninaposema kiwango cha kati. Ni wewe ambaye hanesi (mkanda wa mwilini unaokushikiza kwenye tanga) unavaa na unaning'inia bila woga, upepo ukikaza ubao unapanda juu ya maji na kukimbia, kuanzia ndani ya maji bila kuvuta tanga kwa kamba unaweza ila siyo kila mara, na jaibu (kugeuka upepo ukiwa mgongoni) ukipiga kumi basi zinaingia mbili, nane unaoga. Sasa sikia, wewe ndo mtu wa hatari zaidi pale ufukweni. Anayeanza haendi mbali, anaanguka palepale kwenye maji ya kiuno. Mtaalamu anaenda mbali na anarudi. Wewe unaweza kwenda mbali, tena kwa spidi nzuri tu, kurudi ndo kazi. Kwa hiyo swali la "upepo upo?" liweke la nne au la tano huko, swali la kwanza ni nitarudije.

Maneno mawili ya mabaharia wetu nitayatumia sana: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande upepo unakoelekea. Kubisha ni kwenda kinyume na upepo kwa kukata mishazari. Basi, nadharia imeisha.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Uzito wako wa kweli, siyo ule wa kabla ya Idi. Tanga na ubao vyote vinapimwa kwa huo.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la eneo unaloenda. Kwa pwani yetu usinunue hata tiketi kabla hujaliangalia.
- Simu yenye Windguru au Windy (hizo ni za utabiri wa upepo), na ramani ya setilaiti.
- Viatu vya majini vyenye soli ngumu. Kandambili hapana, zitabaki kwenye tope.
- Jaketi la kuelea, filimbi, kamba ya mita 4 au 5, na mfuko wa simu usioingiza maji, umejaribiwa nyumbani kwenye ndoo (weka tishu ndani kwanza usiweke simu, wengine tumejifunza kwa gharama).
- Namba ya nahodha mmoja wa hapo hapo mwenye boti ya injini, na pesa taslimu ya mafuta.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua ufukwe

Pwani ya Kenya na Tanzania inaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi inavuma takriban Disemba mpaka Machi, imekolea zaidi Januari na Februari. Kusi ni takriban Juni mpaka Septemba, Julai na Agosti ndo inapiga kweli kweli. Katikati hapo, Aprili na Mei kuna masika, na kuelekea Novemba bahari inalala tu, matlai, upepo wa kukausha nguo. Ukija miezi hiyo njoo kula pweza, usibebe tanga.

Kwa kiwango chako, kama una uhuru wa kuchagua, mimi ningesema kaskazi. Ni laini kidogo, mara nyingi inaongezeka mchana, bahari haijachafuka sana. Kusi ni imara na ndefu lakini inakuja na mawimbi, na inaleta mwani mwingi ufukweni. Kingine cha kusi ni kwamba asubuhi na mapema ina tabia ya kutokea upande wa nchi kavu, halafu jua likipanda inageuka kutoka baharini. Wengi wanaona upepo mzuri saa moja asubuhi wanaingia haraka haraka, kumbe unawasukuma nje. Subiri ugeuke.

Hatua ya 2: Jua ufukwe unatazama wapi

Simama umeipa nchi kavu mgongo, uso baharini. Upepo ukikupiga begani, kulia au kushoto, na kidogo mashavuni, hapo ndo penyewe. Unatoka, unarudi, ukishindwa unasukumwa pwani. Ukikupiga usoni moja kwa moja ni salama ila utahangaika kutoka, mawimbi yatakurudisha kila mara. Ukikupiga mgongoni, funga mzigo nenda kwingine. Sifanyi mzaha.

Chukua Unguja. Upande wa mashariki, yaani Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani, unatazama mashariki, kwa hiyo kusi inakuja kutoka kulia na kaskazi kutoka kushoto, zote zikikusukuma kidogo kuelekea mchangani. Kwa mtu wa kati hiyo ni zawadi. Ukienda magharibi au kule juu Nungwi na Kendwa wakati wa kusi, upepo unatoka nchini kwenda baharini. Na hapo ndo mtego ulipo, kwa sababu upepo ukitoka nchini maji ya karibu yanakuwa tambarare, kijani, kama kioo, unasema hee, hapa ndo pa kwangu.

Mimi yalinikuta. Agosti, ufukwe mmoja wa kaskazini magharibi, maji yamelala, tanga la 6.0 (yaani mita za mraba), mita mia za kwanza upepo haupo nikawa napampu, navuta na kuachia tanga, nitoke kwenye kivuli cha minazi na majumba. Nilipotoka kwenye kivuli nikapata upepo wote kwa mkupuo, nikaruka kama mshale, raha tupu, dakika nne hivi. Jaibu nikaanguka. Kuinuka, nikagundua mawimbi huku yamekuwa makubwa kuliko nilivyodhani na ufukwe umekuwa mstari mwembamba. Nikajaribu kubisha, nikaanguka, kila nikianguka nasogea nje. Waliniokota wavuvi wenye mtumbwi wa injini waliokuwa wanarudi na samaki, hawakuniuliza kitu, mmoja alisema tu "panda" na kunitupia kamba. Nilitoa hela ya mafuta, na tangu siku hiyo ufukwe wa upepo wa mgongo siingii hata nikilipwa.

Dar ni hivyo hivyo. Ghuba ya Msasani imefunguka upande wa kaskazini, na rasi imeikinga mashariki. Kaskazi ikivuma inaingia vizuri. Kusi ikivuma inapita juu ya nyumba na miti ya rasi kwanza, inafika majini imekatika vipande vipande, inavuta mara inaacha, na inakusukuma kutoka rasini. Diani, kule Kenya, inatazama mashariki na kusini kidogo, pepo zote mbili zinakubali pale.

Hatua ya 3: Maji kwanza, na hapa usikimbie

Hii ndo sehemu ambayo wageni wengi wanakosea, hasa waliozoea bahari kama Mediterania ambako maji hayahami sana. Kwetu yanahama. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku moja mbili baada yake, tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 3.5 hadi 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inaweza kuwa mita moja na ushee tu.

Kwa ubao hiyo maana yake nini? Fini yako, kama una ubao wa lita 110 hadi 120, ina urefu wa sentimita 35 mpaka 45. Hiyo inaning'inia chini ya ubao. Mtu wa kaiti, yule anayevutwa na tiara kubwa angani, fini zake ni fupi kama kidole, anapita kwenye maji ya magoti anacheka. Wewe ukipita hapo kwa kasi fini inagonga, ubao unasimama, wewe huna taarifa unaendelea mbele na kichwa kinafika kwenye mlingoti. Kwa hiyo andika mahali: sehemu maarufu ya kaiti siyo lazima iwe sehemu ya windisefu. Paje ni maarufu dunia nzima kwa kaiti, na kwa saa zake ni pazuri kwako pia, ila siyo kwa saa zote. Bamvua ikipwa pale unaona akina mama wanatembea mbali mbali huko kwenye mashamba ya mwani, mahali ambapo jioni yake patakuwa na maji ya kukuzidi kimo.

Sasa kuna kanuni moja ndogo ya pwani ya Unguja, Dar na Mombasa inayorahisisha kila kitu. Siku za bamvua maji yanajaa mwisho kwenye saa kumi jioni na alfajiri yake, na kupwa mwisho ni kwenye saa nne au tano asubuhi. Siku za maji mafu inageuka, kupwa kunaangukia jioni ila maji hayaondoki sana. Na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo:

- Siku za bamvua: asubuhi lala, tengeneza vifaa, ingia kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili kasoro. Hapo una kina na una upepo.
- Siku za maji mafu: una muda mrefu zaidi, karibu mchana wote, ila angalia kina kwa miguu yako kabla ya kuamini.

Ukiweza kuchagua wiki ya likizo, chukua inayoanzia maji mafu na kumalizikia bamvua. Siku za mwanzo unazoea taratibu, siku za mwisho unapata jioni zilizojaa.

Onyo: mashamba ya mwani yana vijiti na kamba zilizofungwa chini ya maji, yakijaa huvioni kabisa. Nenda wakati maji yametoka uone yalipo, piga picha na simu. Ukipita juu yake na fini unakata kazi ya mtu ya wiki kadhaa, na fini inanasa.

Hatua ya 4: Tafuta utaishia wapi ukishindwa

Fungua ramani ya setilaiti, kuza mpaka uone rangi. Weka kidole pale utakapoingilia, halafu kisogeze kuelekea demani kwa kilomita mbili. Kidole kinapita juu ya nini? Kama ni mchanga mtupu, safi. Kama ni mikoko, gati, boti zilizotia nanga, au miamba iliyochongoka, hesabu utaishia hapo siku moja. Kama kidole kinaishia baharini wazi, rudi hatua ya 2.

Halafu tafuta mwamba wa nje, ule mstari mweupe wa mawimbi. Kwenye pwani yetu nyingi huo ndo ukuta unaokulinda, ndani yake maji yametulia. Ila una milango, mapengo yenye rangi ya bluu iliyokoza. Maji yakipwa, yote yaliyokuwa ndani yanatafuta njia ya kutokea, na njia ni hiyo. Mkondo wa mlangoni maji yakitoka unakushinda ukiwa na upepo, usiulize upepo ukikatika. Kaa mbali na mlango maji yakipwa, nukta.

Hatua ya 5: Sasa ndo uangalie upepo

Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Nalisema kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa tahadhari kwa kilomita: ukisikia "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa" wanamaanisha kama noti 21 au 22. Mwenye ngalawa anaambiwa achukue tahadhari, wewe unapiga mikono. Soma pia urefu wa mawimbi kwenye tangazo hilo hilo, ukiona mita 2 basi kaa ndani ya mwamba.

Usiangalie wastani peke yake, angalia na ule mstari wa mikupuo, yaani upepo unaokaza ghafla. Wastani 16 na mkupuo 19 ni siku nzuri. Wastani 16 na mkupuo 27 ni siku ya kutazama wenzako. Kwa mtu wa kilo 75 hivi:

- Noti 12 hadi 14: tanga la 7.5, usitegemee makubwa.
- Noti 15 hadi 19: tanga la 6.0 au 6.5. Hapa ndo nyumbani kwako.
- Noti 20 hadi 25: tanga la 5.0 au 5.5, na usiende mbali.
- Zaidi ya hapo: kahawa.

Lita za ubao, chukua uzito wako uongeze 35 au 40. Ukiwa safarini kwenye maji usiyoyajua ongeza nyingine kumi, aibu haipo, ubao mkubwa unakurudisha nyumbani upepo ukidondoka.

Hatua ya 6: Piga simu kabla hujalipia

Sehemu nyingi za kukodisha siku hizi wameandika windisefu na kaiti, ukifika kaiti ziko hamsini na windisefu ni ubao mmoja uliopasuka pua. Usiulize "mna vifaa?" watakwambia vipo. Uliza mna mbao za lita ngapi, matanga ya ngapi mangapi, fini fupi za maji madogo zipo, na boti ya kuokoa ni ya nani na iko majini au iko kwa fundi. Omba picha ya leo. Kama unabeba vyako mwenyewe, uliza shirika la ndege kuhusu urefu wa begi kwanza. Mlingoti wa vipande viwili ndo unaosafiri.

Hatua ya 7: Ukifika, usiingie

Kaa nusu saa chini ya mkungu. Angalia ngalawa zinaingilia wapi na kutokea wapi, hao hawabahatishi. Kisha mtafute mzee, msalimie vizuri, muulize. Safari moja huko mashariki nilishafunga kila kitu, tanga liko begani, mzee mmoja anashona wavu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wataka kutoka na hilo nailoni lako?"

"Ndiyo mzee, naona upepo mzuri."

"Upepo mzuri, maji je? Saa hizi yatoka. Ukenda huko yatakuchukua mpaka mlangoni. Keti, kunywa kahawa, yakirudi utayaona."

Nikakaa. Nilikunywa vikombe vitatu na kashata. Baada ya kama saa moja hivi ngalawa zilizokuwa nje zikaanza kuingia moja moja, zimebebwa na maji yenyewe, mzee akanitazama akanyoosha mdomo tu kuelekea baharini. Jedwali langu kwenye simu lilikuwa linasema vilevile, ila nilikuwa sijalifungua.

Hatua ya 8: Safari tatu fupi

Beba vifaa kwa miguu kwanza, mita 200 kuelekea joshini, ndo uingie. Nenda nje mita mia tu, geuka, rudi. Angalia umetua wapi ukilinganisha na mnazi ulioweka alama. Fanya mara tatu. Ukirudi palepale au joshini zaidi, ongeza umbali kidogo kidogo. Ukirudi demani mara zote tatu, leo hubishi vya kutosha, toka, tembea urudi juu, badilisha tanga au fini. Kosa la wengi hapa ni kusema nikienda mbali zaidi nitapata upepo mzuri wa kubisha. Utapata, ndiyo, na utakuwa mbali.

Ukienda nje ya kwetu

Hatua ni hizi hizi, unabadilisha majibu. Dahab kule Misri maji hayahami sana, upepo wa kaskazini unavuma sehemu kubwa ya mwaka na kuna wangwa (ghuba ndogo iliyokingwa) wenye maji tambarare, lakini upepo una mwelekeo wa kukutoa nje, kwa hiyo baki ndani ya wangwa na uhakikishe boti ya kuokoa. Langebaan Afrika Kusini ni kiangazi chao, Disemba mpaka Februari, maji yametulia ila ni baridi kuliko kwetu, beba suti ya majini. Wenzetu wa Oman mnaouliza Masirah: ni Juni mpaka Septemba, hiyo ni kusi yetu ileile imevuka ikweta ikageuka kutoka kusini magharibi, na kule inapiga kwa nguvu. Kwa mtu wa kati ningesema nenda na mwenzako anayejua, chukua tanga dogo kuliko unavyodhani.

Ukikwama

*Upepo umekatika niko mbali.* Usiache ubao, hata ufukwe uonekane karibu vipi. Ubao unaelea na unaonekana, kichwa chako hakionekani. Legeza tanga, likunje kuzunguka mlingoti, lilaze juu ya ubao, lala juu yake piga makasia kwa mikono. Ukilemewa, keti, piga filimbi, inua mikono yote miwili na kuishusha taratibu tena na tena.

*Kitu kimevunjika.* Ile kamba ya mita 4 ndo kazi yake, nyingi zinavunjika pale tanga linaposhikana na ubao. Funga, rudi pole pole. Ikishindikana fanya kama hapo juu.

*Maji yamenikimbia niko katikati ya mwamba.* Shuka, usiburute. Toa tanga kwenye ubao, beba kimoja mita hamsini, rudia kingine. Kanyaga kwenye mchanga mweupe tu, kwenye sehemu nyeusi kuna wale wadudu wa miba mirefu myeusi, na miba yao inaingia hata kwenye soli laini.

*Fini inajaa mwani kila dakika ubao unakuwa mzito.* Omba fini ya mwani, ile iliyolala nyuma. Kama haipo, rudi nyuma kidogo kwa ubao, itikise idondoke, na hamia eneo lenye mchanga.

*Kaiti zimejaa kote.* Kamba zao ni mita 20 na zaidi, na kaiti ikianguka inaangukia demani. Usipite demani ya mtu wa kaiti kwa karibu, hasa anayejifunza. Afadhali tembea kilomita moja.

*Tanga linanivuta mpaka mikono inakufa.* Kaza kamba ya chini ya mlingoti kwanza, halafu ile ya mwisho wa bumu (fimbo unayoishika tangani). Bado? Toka nje ubadilishe tanga. Najua umechoka kulifunga, lifungue.

*Siku tatu hakuna upepo kabisa.* Angalia tena mwezi uliokuja nao, hatua ya 1.